Chumvi kwenye chakula cha mtoto wa miezi tisa

Dada uliyeuliza kama mwanao wa miezi tisa atiwe chumvi kwenye ndizi maana bibi yake anasema chakula chapwa, usimtie kabisa, figo zake bado changa haziwezi kutoa chumvi nyingi kama zetu, mwaka wa kwanza haitakiwi ifike hata gramu 1 kwa siku na hiyo kidogo anaipata kwenye maziwa na chakula chenyewe. Huo uchapwa anauona bibi, mtoto haujui. Ila ukimzoesha ladha kali sasa hivi akikua kila kitu ataona hakijakolea, na presha inaweza kuanza kupanda tangu utotoni bila mtu kushtuka.

Hapa Tanga mi naogopa zaidi ng'onda na papa, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, mtu anasuuza mara moja tu anaunga na nazi halafu anatia chumvi tena juu na kiungo cha paketi, mtoto analishwa mchuzi ule ule jamani! Mtolee chake kwanza kabla hujatia chumvi, weka tui na ndimu kidogo, atakula tu. Sisi wakubwa wenyewe mwisho gramu 5, kama kijiko cha chai kimoja, siku nzima.