Jembe kwanza, mbegu baadaye: kwa maafisa ugani wapya wa Malindi

Kila Aprili ni yale yale. Mvua ya kwanza inapiga usiku, asubuhi simu inalia: "Mzee, tumeshawaambia wakulima wapande." Vijana, twawapenda, lakini nani kawaambia ardhi imeshalowa?

1. Usipime mvua kwa kelele za mabati. Kosa hili wakongwe tumelifanya sote, kwa hiyo tulichambue mpaka liishe. Milimita 25 juu ya udongo mkavu hushuka kama sentimita 30 kwenye mchanga. Kwenye mfinyanzi wa bonde la Sabaki hazipiti 13. Mahindi hufukiwa sentimita 5, basi kote kuwili yataota, na mtego uko hapo. Siku ya sita shamba limechangamka, mkulima anacheka, afisa anapiga picha. Kusi, upepo unaoleta mvua za masika, haijashika bado. Jua likiwaka wiki mbili mfululizo, mfinyanzi hupasuka na kukata vijizizi, na chini ya ile sentimita ya 13 ni pakavu kabisa, mzizi hauna pa kwenda. Mchanga nao umelowa mbali lakini haushiki maji. Sehemu ya juu hukauka kabla mche haujateremsha mizizi. Mvua inaposhika sawasawa Mei, mbegu imekwisha, DAP, mbolea ya kupandia, imeshatiwa, hela za vibarua zimekwenda. Mkulima anarudia kwa mahindi ya ghalani, na kama yalitokana na PH4, mbegu ya Pwani Hybrid, hiyo ni chotara: kizazi cha pili hakizai kama cha kwanza. Msimu umeharibika kwa neno moja la afisa.

Chimba mahali patatu shambani: juu, katikati, bondeni. Unyevu ukifika sentimita 30, na udongo ukiufinya unashikana bila kuchuruzika, panda. Haujafika, subiri, hata jirani akikucheka.

2. DAP kizibo kimoja cha soda kwa shimo, funika kwa udongo kabla ya mbegu, la sivyo mbegu inaungua. CAN, mbolea ya kukuzia, kwenye mchanga gawa mara mbili. Ukiimwaga yote siku moja, mvua ya Mei itaishusha chini ya mizizi.

3. Sabaki haisikilizi mbingu ya Malindi. Maji yake yanatoka bara, kupitia Athi na Tsavo, kwa hiyo mafuriko yanaweza kukukuta jua linawaka na wewe umeanika nguo. Ulizeni walioko juu ya mto kabla ya kupanda ukingoni. Maji yakishapwa, tope lililobaki ni zuri kwa kunde na pojo, ila lisiingiwe na trekta likiwa bichi: litagandamana kama tofali.

4. Udongo mwekundu wa Magarini ukilimwa kufuata mteremko, mvua kubwa huuchukua. Nendeni Nyari, Marafa, mkaone maji yanavyochonga ardhi. Watalii hulipa kuyatazama makorongo yale. Mkulima huyapata bure. Matuta yakate mteremko, basi.

5. Minazi mita 9 kwa 9, kama 50 kwa ekari, katikati muhogo. Karibu na pwani msiruhusu pampu kubwa: maji matamu yanaelea juu ya ya chumvi, na kila sentimita 1 unayoyashusha, ya chumvi yanaweza kupanda mpaka 40. Tena kisima kionjwe Machi, kaskazi inapoishia na maji yakiwa chini. Juni kila mwenye kisima atakuapia kuwa chake ni kitamu.