Maswali ya Wasomaji: Kusoma Jenomu Nzima ya Kimelea cha TB

Shikamooni wataalamu. Mimi ni mratibu wa TB wa wilaya. Tumeletewa majibu ya jenomu (DNA yote ya kimelea) ya wagonjwa wawili wanaofanya kazi kiwanda kimoja, na maabara imeandika kuwa vimelea vyao vinatofautiana kwa SNP 3, yaani herufi 3 za DNA. Naweza kuandika kwenye ripoti kwamba wa kwanza ndiye aliyemwambukiza wa pili? – Msomaji, Morogoro

Marahaba. Usiandike hivyo. Jenomu ya kimelea cha TB ina herufi zipatazo milioni 4.4, na hubadilika polepole mno: kwa wastani herufi moja kila baada ya miaka 2 au 3. Kwa hiyo wafuatiliaji wamezoea mipaka miwili iliyotokana na utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2013. Tofauti isiyozidi SNP 5 huashiria maambukizi ya karibuni, na ikizidi 12 uwezekano huo huondolewa. Katikati hapo ni pa kuchunguza zaidi. Kwa maoni yetu, kazi kubwa ya jenomu ni kukanusha. SNP 40 zinakata shauri, SNP 3 hazikati.

Hizo 3 zinakwambia kwamba wagonjwa wako wamo katika mnyororo mmoja. Nani alianza, hazisemi. Huenda wote wawili waliambukizwa na mtu wa tatu ambaye makohozi yake hayajawahi kufika maabara. Hata kama kimelea cha wa pili kina mabadiliko yote ya yule wa kwanza pamoja na ya ziada, hiyo ni dalili tu, kwani TB hulala mwilini kwa miaka. Linganisha na tarehe za kuanza kukohoa, zamu za kazi, na nani alikuwa na vimelea kwenye makohozi wakati gani.

Halafu iulize maabara mambo mawili. Kwanza, je, waliondoa kwenye hesabu jeni za familia za PE na PPE? Ni takriban asilimia 10 ya jenomu, zimejaa marudio, na vipande vifupi vya herufi 150 hubandikwa mahali pasipo pake, zikazaliwa SNP ambazo hazipo. Ukilinganisha majibu ya maabara mbili zenye taratibu tofauti, tofauti utakayoiona inaweza kuwa ya taratibu zao. Pili, je, sampuli hizo zilioteshwa siku moja? Sampuli zenye SNP 0, za watu wasiohusiana kwa lolote, zilizopita meza moja siku moja, mara nyingi zimechafuliana.

Tunaotesha vizuri, lakini DNA tunayopata ni kidogo na chafu. Mashine ya kusoma jenomu inaikataa. Tunakosea wapi? – Mafundi sanifu wa maabara, Mwanza

Ukuta wa kimelea hiki una nta nyingi. Vifaa vya kutoa DNA vilivyotengenezwa kwa ajili ya bakteria wa kawaida huufungua nusunusu, ndiyo maana njia ya zamani ya CTAB, kemikali inayosaidia kutenganisha DNA na uchafu, bado inatumika.

Anzeni kwa kuviua vimelea. Nyuzi 80 kwa dakika 20 zimewahi kuacha vimelea hai, kwa hiyo tumieni nyuzi 95 kwa dakika 30, mrija wote ukiwa ndani ya joto na si kitako tu. Otesheni tena sehemu ya mchanganyiko huo wenye vimelea ili kuthibitisha kuwa vimekufa kabla hamjautoa nje ya kabati la usalama.

Kwa mikrolita 400 za mchanganyiko, wekeni mikrolita 50 za laisozaimu (kimeng'enya cha kuvunja ukuta) ya miligramu 10 kwa mililita, mlaze usiku kucha kwenye nyuzi 37. Wengi huilaza saa moja, kisha hulalamika mavuno ni haba. Asubuhi ongezeni mikrolita 70 za SDS (sabuni ya maabara) ya asilimia 10 na mikrolita 5 za proteinesi K (kimeng'enya cha kuvunja protini), nyuzi 65 kwa dakika 10. Zinafuata mikrolita 100 za chumvi ya molari 5, na baada yake mikrolita 100 za CTAB iliyochanganywa na chumvi na kupashwa moto hadi nyuzi 65. Msigeuze mpangilio huu. Chumvi ikiwa haba, CTAB huishika DNA yenyewe na kuizamisha pamoja na uchafu, nanyi mtaimwaga bila kujua. Rudisheni nyuzi 65 kwa dakika 10, kisha klorofomu, kisha isopropanoli, mmalizie kwa kusafisha na ethanoli ya asilimia 70. Ethanoli ikaukie kabisa, maana mabaki yake huzuia vimeng'enya vya hatua zinazofuata.

Pimeni kiasi cha DNA kwa mashine ya Qubit. Mashine ya NanoDrop huhesabu na RNA, ikawapa namba ya kufurahisha tu. Kila herufi ya jenomu isomwe walau mara 30, na mara 50 ni bora zaidi, yaani herufi zipatazo milioni 220 kwa sampuli moja.

Mimi ni daktari wa mifugo. Nasikia M. bovis, kimelea cha TB ya ng'ombe, si spishi tena. Je, ni kweli? Na hizi "koo" za TB, yaani matawi ya nasaba ya vimelea, zinatoka wapi? – Msomaji, Arusha

Mwaka 2018 watafiti waliolinganisha jenomu walipendekeza kwamba M. bovis, M. africanum na wenzao wawe aina ndani ya spishi moja, M. tuberculosis. Mpaka unaotumika kutenganisha spishi za bakteria ni mfanano wa asilimia 95 hadi 96, na hawa wanafanana kwa zaidi ya 99. Wewe endelea kuandika M. bovis, kwani jina hilo lina kazi kliniki: kimelea hicho ni sugu kwa asili kwa pirazinamidi, mojawapo ya dawa za TB.

Koo hutambuliwa kwa mabadiliko yasiyorudi nyuma. Vimelea hivi havibadilishani jeni, hivyo kipande kikishapotea, kama kile kiitwacho RD4 kwa M. bovis, wazao wote hukikosa. Njia ya zamani ya kuangalia alama 43 za DNA ilidanganya kwa sababu alama hizo huweza kupotea kwa koo zisizohusiana. Ukoo wa 3 umeenea Afrika Mashariki na Asia ya Kusini, wa 7 ni wa Ethiopia, na wa 8 ulielezwa mwaka 2020 kutoka kwa wagonjwa wa Rwanda na Uganda.

Kipimo cha haraka cha GeneXpert kimesema dawa ya TB ya rifampisini inafanya kazi, lakini mgonjwa hapati nafuu. Jenomu itaonyesha nini zaidi? – Tabibu, Kigoma

GeneXpert hukagua herufi 81 tu za jeni ya rpoB, ambamo hutokea mabadiliko ya usugu kwa rifampisini. Badiliko la usugu liitwalo I491F liko nje ya hizo. Katika utafiti wa Eswatini lilionekana kwa takriban asilimia 30 ya vimelea sugu kwa dawa nyingi, na kipimo cha kuotesha kwenye mirija ya majimaji ya MGIT nacho mara nyingi hulikosa. Hakikisha kwanza kwamba mgonjwa anameza dawa. Kama anameza, tuma sampuli maabara kuu, na uandike kwenye fomu kwamba unaomba rpoB yote isomwe.