Lukemia ikirudi, uliza CD19 iko wapi
Wadogo zangu mnaoanza mafunzo kwa vitendo maabara hapa Tanga, tiba ya CAR-T, inayotumia seli za kinga za mgonjwa mwenyewe kupigana na lukemia (saratani ya damu), hamtaikuta Hospitali ya Bombo. Lakini mtaulizwa kwenye mtihani, na siku hizi hata na ndugu wa mgonjwa aliyeisoma kwenye simu.

Seli T za mgonjwa, yaani seli za kinga zinazoua, hutolewa, huwekewa jeni ya kipokezi kinachonasa CD19, protini iliyo juu ya seli B (aina nyingine ya seli za kinga, ambamo lukemia hii huanzia), kisha hurudishwa mwilini. Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya namna hii Agosti 2017. Katika jaribio lililochapishwa 2018, lukemia ilitoweka kwa 81% ya wagonjwa 75 ndani ya miezi mitatu. Baadaye kwa baadhi yao ikarudi, na hapo ndipo wageni wa somo hili hukimbilia kusema dawa imeshindwa. Jibu hilo halina maana. Kwanza uliza: lukemia iliyorudi bado ina CD19?

Ikiwa inayo, seli T ndizo zimechoka au zimekwisha. Dalili yake ni rahisi ajabu: tiba hii huua pia seli B zenye afya, kwa hiyo zikianza kuonekana tena mapema kwenye damu, ujue ulinzi umelegea.

Ikiwa haina, jeni ya CD19 huenda imebadilika, au seli inatengeneza protini isiyo na kipande kile kinachonaswa. Seli T hiyo ni mgeni aliyeelekezwa nyumba ya Ngamiani kwa rangi ya mlango. Mlango ukipakwa rangi nyingine, anapita bila kubisha hodi. Mara nyingine lukemia huacha kabisa sura ya seli B na kugeuka ya mieloidi (ukoo mwingine wa seli za damu), kwa hiyo hadubini msiidharau.

Kuna kisa kilichochapishwa 2018 ambacho mimi hukisimulia kila mwaka: seli moja ya lukemia iliingiziwa jeni ya kipokezi kwa bahati mbaya wakati wa kutengeneza tiba. Kipokezi kikafunika CD19 ya seli ileile, ikajificha, ikazaana.

Basi mkiletewa jibu la "CD19 hasi" la mgonjwa aliyepata tiba hii, tazameni CD22 na CD79a, protini nyingine za seli B, kabla hamjaandika kwamba si seli B.