Mwanangu, kuhusu boksi la fyuzi la nyumba ya bibi

Mwanangu kipenzi, assalaam alaykum. Voisi yako nimeisikiliza jana baada ya isha. Unasema fundi kakwambia lile boksi la fyuzi la nyumba ya marehemu bibi yako, pale Mwembetanga, litolewe litiwe jipya, na dukani kakuonesha matatu, Schneider, Chint na Tronic, bei zimepishana sana, sasa ununue lipi. Nakuandikia badala ya kupiga maana kwenye simu utasahau nusu, na mie nataka uende dukani na haya maneno mkononi.

Fundi kasema kweli, litolewe. Lile ni la kizamani la Wylex, la Kiingereza, lenye vile vishikio vya kuchomoa vyenye vidoti vya rangi, cheupe ampea 5 za taa, bluu 15, njano 20, chekundu 30. Ndani ya kishikio mna kiwaya chembamba kimebanwa kwa skrubu huku na huku, umeme ukizidi kinayeyuka. Shida yake kikikatika usiku mtu hutia chochote alichonacho. Nilipokuja Idd kaka'ko alichomoa kile cha kidoti cheupe nikakitia tochi, mna nyuzi za shaba za waya mnene zimesokotwa pamoja, nyeusi kwa moshi. Hizo haziyeyuki kwa ampea 5 wala kwa 30, utawaka kwanza waya wa ukutani ndo fyuzi ije ijue, na dari ya nyumba ile ni boriti na mbao tupu.

Sasa kabla ya jina la kampuni, uliza hili: boksi lina RCD, kile kifaa cha kukata umeme unaovuja, au halina? Maana breka za kawaida, zile swichi za boksi jipya zinazojikata zenyewe badala ya fyuzi, zinalinda waya, hazikulindi weye. Breka ya ampea 20 haitaki kujua kama kuna mtoto kashika friji lenye shoti, ule umeme unaopita mwilini ni mdogo mno kwake. RCD yenyewe inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, ukipungua njiani kiasi cha miliampea 30 inakata papo hapo. Hakikisha imeandikwa 30mA au 0.03A, kuna za 100 na za 300, zile ni za kuzuia moto, hazimuokoi mtu. Na wajukuu zangu wanatembea miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji iliyoroa, kwa hiyo hapa sitaki mjadala wa bei kabisa.

Fundi atakwambia RCD inasumbua, masika ikianza inatripu ovyo, yaani inajizima. Ni kweli inatripu, lakini inatripu kwa sababu mna waya unaovuja, au nyutro, yaani waya za kurudisha umeme, za sakiti mbili zimechanganywa kama walivyokuwa wakifanya zamani. Dawa yake ni kutafuta panapovuja, si kuiruka RCD kwa kipande cha waya, na nakuomba sana usimruhusu mtu kufanya hivyo. Ukiweza chukua RCBO, yaani breka na RCD kwa pamoja, utie moja kwa kila sakiti ya soketi. Ni ghali zaidi ila friji ikiwa na yake peke yake, pampu ya kisima ikivuja saa nane za usiku inazima pampu tu, samaki wako hawaozi.

Haya, majina. Mie nauza vifaa vya umeme hapa Chake na nakwambia kama mama si kama muuzaji. Schneider ni ya Ufaransa, na nyumba ikiwa yangu ndo nitakayotia, kwa sababu breka zake nazipata Unguja, Pemba na Dar siku yoyote. Hager na ABB nazo nzuri sana, Hager hata mafundi wanaipenda kwa nafasi ya kupitisha waya, lakini breka moja ikifa utangoja mtu akuletee kutoka bara. Chint ni ya China na watu wanaidharau kwa hilo tu, mie siidharau, ikiwa ya kweli inafanya kazi na mfuko unapumua. Tronic imejaa maduka ya kwetu, kwa chumba cha duka au banda la uani sina neno nayo, kwa nyumba nzima yenye AC na hita ya maji bora uongeze pesa.

Kinachonitisha zaidi ni bandia. Shika breka mkononi, iwe na uzito, swichi yake ipande kwa mlio mmoja mkavu. Soma usoni: C20 maana yake ni ampea 20, ile C ni tabia yake ya kukata, inavumilia mshtuko wa mota ikiwaka. Chini yake tafuta kijisanduku chenye 6000, hizo ni ampea za shoti inazoweza kukata bila kupasuka, na namba ya kiwango IEC 60898. Maandishi yakifutika kwa kidole rudisha, hata iwe imeandikwa jina gani.

Boksi, RCD na breka zote ziwe za kampuni moja. Basibaa ile shaba ya nyuma inakaa tofauti kwa kila kampuni, fundi akilazimisha inabana upande mmoja tu, pale panapata joto, plastiki inageuka rangi ya chai na siku moja inashika moto.

Breka ifuate waya na si vitu unavyotaka kuwasha. Waya wa milimita za mraba 1.5 wa taa breka ya ampea 6 au 10, waya wa 2.5 wa soketi 20, jiko la umeme waya wa 6 na breka ya 32. AC iwe na yake. Chukua boksi la nafasi 12 hata kama leo unatumia 8, na nafasi tupu zizibwe kwa vifuniko vyake, maana mijusi inapenda mle ndani na ikigusa basibaa inakufa nayo inaleta shoti. Likiwa la bati lisikae ukuta wa uani, hewa ya chumvi italila.

Halafu kuna ule waya mweusi unaoingia kwa juu. Ulitiwa wa jenereta ule wakati umeme ulipokatika Unguja nzima, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, na haujawahi kutolewa. Fundi autoe wote, au kama mnataka jenereta atie swichi ya chenjiova, ya kuchagua umeme wa mtaa au wa jenereta, bila hivyo jenereta inarudisha umeme kwenye laini ya mtaa na anaweza kufa mtu wa ZECO, shirika letu la umeme Zanzibar, juu ya nguzo.

Siku ya kazi ZECO wakate umeme kwenye mita, msiguse sili yao. Fundi apime na waya wa ardhi, aoneshe namba kwenye kipimo, asiseme tu upo. Akimaliza bonyeza kile kitufe cha T cha kujaribia kwenye RCD mbele yake, lazima izime, na kila mwezi ukibonyeze. Kabla hajafunga kifuniko nipigie picha ya ndani unitumie, na pesa ya mwisho asipewe mpaka nimeiona.