Somo la muziki sekondari: imba kwanza, daftari baadae

Wadogo zangu mnaosoma muziki sekondari, na nyie wazazi ambao mtoto kaja nyumbani kasema anataka kuchukua muziki mkabaki mnatazamana, hii ni ya kwenu. Mimi hili somo nimelisoma kuanzia form one mpaka form four, nikaendelea nalo hapa hapa Bagamoyo pale TaSUBa, chuo cha sanaa, na siku hizi jioni nakaa na watoto wa mtaani kwetu Dunda wanaojiandaa na mtihani, kwa hiyo naongea kitu ninachokutana nacho kila wiki.

Shida ninayoikuta ni ile ile. Mtoto anakuja na daftari limejaa, kaandika maana ya skeli (ngazi ya sauti), maana ya intavali (umbali kati ya sauti mbili), kapanga nota zote kuanzia semibrevi mpaka semikwava na thamani zake, ukimuuliza anajibu vizuri kabisa, halafu unamwambia haya niimbie hiyo skeli, kimya. Amelisoma kama Historia. Simlaumu mana ndivyo alivyofundishwa kusoma kila kitu, na shule nyingi hazina hata kinanda kimoja, mwalimu anaandika ubaoni watoto wananakili. Lakini nota ni sauti iliyoandikwa. Kama sauti yenyewe huijui utakariri mpaka uchoke na form four utakuwa umesahau.

Kwa hiyo mimi naanza na mdomo na mikono. Chukua skeli ya meja, do re mi fa so la ti do. Iimbe taratibu, kila siku, mpaka usikie mwenyewe kwamba pale mi kwenda fa pamebana, na pale ti kwenda do pamebana, kwingine kote hatua ni nzima. Ukishalisikia hilo, mambo ya shapu, ile alama ya kupandisha nota nusu hatua, hayakusumbui tena. Anza do yako kwenye nota ya G, panda, ukifika juu ti inatakiwa ibanane na do, F ya kawaida iko mbali mno, basi inabidi uipandishe nusu, ndo mana G meja ina shapu moja na hiyo shapu ni F. Nenda D, utajikuta unahitaji mbili, F na C. Hapo hujakariri jedwali lolote, umelitengeneza mwenyewe, na hata ukipata woga ndani ya chumba cha mtihani unaweza kulitengeneza upya.

Watoto wa kwaya wanakuja na faida yao, solfa, yaani kuimba kwa do re mi, wanaijua toka wadogo. Hii solfa ilitoka Uingereza, John Curwen ndo aliyeieneza sana karne ya 19, wamisionari wakaja nayo na kwaya zetu mpaka leo zinaitumia. Tatizo lao wanaizoea ile d r m ya herufi mpaka wakiona mistari mitano ya kuandikia nota wanaganda. Ninachowaambia ni hiki, itafute do kwanza. Ukijua do imekaa wapi nusu ya kazi imeisha, manake do ikiwa juu ya mstari basi mi na so nazo ziko kwenye mistari inayofuata, do ikiwa kwenye nafasi, mi na so ziko kwenye nafasi. Kila wimbo, kabla hujaimba chochote, weka kidole kwenye do. Na ule ufunguo wa juu, ile alama kubwa inayokaa mwanzo wa mistari kwa sauti za juu, umejikunja kwenye mstari wa pili toka chini kukuonyesha kwamba G iko hapo, hesabu toka hapo.

Sasa wale watoto wa dufu na ngoma, hawa ndo naumia nao kweli. Mtoto amekulia kwenye maulidi, au amefuata mdundiko toka hajajua kusoma, mkono wake una mapigo ambayo mtu mzima aliyesoma nota miaka mingi anayapata kwa shida, halafu anaambiwa darasani hajui muziki kwa sababu hasomi mistari. Si kweli hata kidogo! Tena kuna mada moja wenzake wote wanalia nayo na yeye anatakiwa aongoze, ile ya kutofautisha sita kwa nane na tatu kwa nne, zile namba za mapigo zinazoandikwa mwanzo wa wimbo. Kwenye kitabu zinafanana, kila kipimo (fungu moja la mapigo) kina nafasi ya kwava sita, zile nota fupi. Tofauti ni jinsi unavyozigawa, sita kwa nane ni mafungu mawili ya kwava tatu tatu, tatu kwa nne ni mafungu matatu ya mbili mbili. Ukiisoma unaona ni maneno tu. Fanya hivi, hesabu moja mpaka sita bila kusimama, mkono wa kushoto piga mezani kwenye moja na nne, wa kulia piga kwenye moja, tatu na tano. Itatoka pamoja, kulia, kushoto, kulia, halafu unarudia. Anza polepole sana, ukizoea ongeza. Hapo unapiga zote mbili kwa wakati mmoja, na ukiisikiliza vizuri utasema aah hii mbona naijua, ndo kile kitu cha ngoma zetu, mmoja anashika mbili mwenzake anashika tatu na miguu inachagua yenyewe. Nimeona mtoto aliyekuwa anakwepa somo akibadilika kabisa baada ya hapo, kwa sababu amegundua kitabu kinaongelea kitu anachokijua.

Vyombo vya asili navyo msivikariri majina tu. Mtihani unaweza kukuuliza makundi, idiofoni, membranofoni, kodofoni, aerofoni, na mtu wa Bagamoyo hana sababu ya kukosa hapo. Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo aliyetoka Dodoma, aliishi na kufundisha hapa mpaka alipofariki 2003, na ndugu zake wameendelea kupiga. Ilimba ina vyuma vinavyotetemeka vyenyewe, idiofoni. Zeze nyuzi, kodofoni. Ngoma ngozi, membranofoni. Filimbi pumzi, aerofoni. Nenda kwenye tamasha la TaSUBa uangalie kwa macho, omba kushika, uliza kinavyotengenezwa.

Wazazi, kinanda cha bei sio lazima mwanzoni. Rekoda ya plastiki inatosha, na simu ina programu za kinanda za bure, kwenye kompyuta kuna MuseScore, nayo bure, mtoto anaandika nota na inampigia asikie kama kapatia. Kuhusu ile hofu kwamba muziki unaleta uhuni, mnaijua na siitanii, ila mtoto anayesoma hili somo jioni yake ni kukaa chini na kurudia kitu kimoja mpaka kitoke, muda wa kuzurura anautoa wapi. Na njia za mbele zipo, tahasusi mpya za kidato cha tano zilizotangazwa 2024 zimeingiza muziki, TaSUBa ipo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafundisha, chuo kikuu cha Makumira kule Arusha wana shahada ya muziki, na mwenye mapenzi na taarabu avuke Zanzibar kwenye Dhow Countries Music Academy akajifunze udi na kanuni, vile vyombo vya nyuzi vya taarabu.

Ila kabla ya yote, nenda shuleni ukaulize kama mwalimu wa muziki yupo kweli na anafundisha mpaka form four. Kuna shule niliyoifahamu somo lilikuwepo kwenye orodha, mwalimu akahamishwa watoto wakiwa form three, wakaachwa na daftari. Uliza pia mazoezi ya vitendo wanafanyia wapi na kwa chombo gani, na usikubali jibu la "tutaona", omba kuonyeshwa hicho chombo.