Ameghairi, amehalifu au ameniruka? Maswali yenu kuhusu ahadi

Barua kadhaa zilizonifikia hivi karibuni zinauliza ni neno gani linalomfaa mtu ambaye hakufanya alilosema atalifanya. Nimeyafupisha maswali yenyewe na kuyajibu moja baada ya jingine.

Mteja aliniagizia kitanda cha futi tano kwa sita, akasema ataleta malipo ya awali Jumamosi. Ijumaa alipiga simu na kusema hakitaki tena. Mke wangu anasema amevunja ahadi, nami nasema ameghairi. Nani amesema sawa? (Seremala, Free Area, Nakuru)

Wewe ndiye uliyesema sawa. Kughairi ni kubadili nia kabla jambo halijatendeka, na ndiyo maana tunasema mtu ameghairi nia, ameghairi safari au ameghairi kununua. Ndani ya kitenzi hicho hamna lawama kubwa, hasa pale mhusika anapokujulisha mapema kama alivyofanya mteja wako. Mambo yangekuwa tofauti iwapo angekulipa arubuni, yaani fedha za kufunga makubaliano, nawe ukanunua mbao, ukazikata na kuzipiga randa, kisha yeye akanyamaza kimya hadi uliposikia kwamba amenunua kitanda kwingine. Hapo mkeo angekuwa na haki ya kusema amevunja ahadi. Msichanganye pia kughairi na kuahirisha, kwa kuwa aliyeahirisha bado anakitaka kitanda, ila anasogeza siku mbele. (Nimeona hata kwenye matangazo ya shule neno hilo likiandikwa "kuhairisha". Ni kosa.)

Daftari la mchango wetu wa matibabu lina safu ya "ameahidi" na safu ya "ametoa". Safu ya pili ina mapengo mengi. Mwenyekiti anataka tuweke kwenye kikundi cha WhatsApp orodha ya "waliohalifu ahadi". Neno hilo linafaa? (Katibu wa kamati, Kisumu)

Kisarufi linafaa, lakini kwa jambo lenu halifai hata kidogo. Kuhalifu ni kwenda kinyume cha sheria, amri au makubaliano, na ni kitenzi hicho hicho kilichotupa maneno mhalifu na uhalifu. Ukiliandika neno hilo mbele ya jina la mjomba aliyeahidi elfu mbili kisha akabanwa na karo ya watoto, umemketisha benchi moja na wezi wa ng'ombe, naye ataisoma orodha hiyo akiwa na shemeji zake.

Kiswahili kimekwisha kukupa njia ya adabu, nayo imo katika silabi moja tu. Linganisha "hakutoa" na "hajatoa". Anayeambiwa hakutoa amefungiwa mlango, kwa sababu kauli hiyo huchukulia kwamba wakati wa kutoa umepita na hesabu imefungwa. Anayeambiwa hajatoa bado anangojewa, kwa maana -ja- hubeba matarajio kwamba jambo lingali linaweza kutendeka. Kwa hiyo andika "ambao hawajatimiza ahadi zao", na hiyo "hakutimiza" muihifadhi hadi siku mtakapolifunga daftari.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua maneno kwa uangalifu. Chini ya sheria ya mikataba ya Kenya, ahadi ya kutoa zawadi ambayo mwahidi hapati chochote badala yake kwa kawaida haiwezi kudaiwa mahakamani. Kamati yenu haina silaha isipokuwa ulimi, na sioni faida ya kuutumia kuwafukuza watu mnaotaka wachange.

Katika Zaburi 116 nimesoma kwamba mtu ataziondoa nadhiri zake kwa Bwana. Je, anazifuta? (Mwanafunzi wa sekondari, Bungoma)

La, ni kinyume chake kabisa: anazitimiza. Mtu huweka nadhiri na tangu siku hiyo hubaki nayo shingoni, akiitekeleza, ameiondoa. Mhubiri naye, katika sura ya 5, hutumia kitenzi hicho hicho anaposema kwamba ni bora kutoweka nadhiri kuliko kuiweka bila kuiondoa. Katika insha yako, hata hivyo, usiandike "kuondoa ahadi" ukikusudia kuitimiza, kwa sababu msahihishaji ataelewa kwamba umeifuta.

Viapo vina msamiati wao. Mtu hula kiapo au hula yamini, neno ambalo kwa asili ya Kiarabu ni mkono wa kulia, na akienda kinyume huitwa aliyevunja yamini. Jirani zako Waislamu wa Mumias watakueleza kwamba kwao kosa hilo lina kafara iliyotajwa katika Kurani, sura ya 5: kulisha maskini 10 au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza hufunga siku 3.

Diwani aliyetuahidi daraja kisha akasahau ni kigeugeu au ni ndumakuwili? (Mhudumu wa bodaboda, Siaya)

Kigeugeu ni mtu wa leo hivi, kesho vile. Ndumakuwili husema hivi kwenu na vile ng'ambo ya mto, siku hiyo hiyo. Lakini iwapo hakuwa na nia ya kujenga tangu mwanzo, hakubadilika wala hakughairi, kwani hakuna alichogeuza. Aliwahadaa, na daraja lenyewe ni ahadi hewa.

Tulipeleka posa na ikakubaliwa, sasa binti amekataa. Uchumba umevunjika au umetanguliwa? (Msomaji, Kakamega)

Umevunjika, au umetanguka. "Umetanguliwa" laweza kuwa la kutangua au la kutangulia, kwa hiyo ni heri uliepuke. Ukitaka kumtaja mtendaji, sema binti ameutangua. Kwa kuwa wengi huuliza: kifungu cha 76 cha Sheria ya Ndoa ya 2014 kinasema ahadi ya kuoana haimfungi mtu, ingawa aliyepata hasara kwa sababu ya kuvunjwa kwake anaweza kudai fidia.

Nilimlipa jirani anikatie robo ekari. Sasa anawaambia watu kwamba hatukuwahi kuuziana. Nimwambie wakili kwamba ameghairi? (Mkulima, Njoro)

Usimwambie hivyo. Anayeghairi anakiri kwamba aliwahi kukubali, ilhali jirani yako anasema hapakuwa na makubaliano. Huyo amekana, au kama tusemavyo sokoni hapa Nakuru, amekuruka. Tofauti hiyo itaamua wakili atafute nini kwanza, kwa maana aliyeghairi huulizwa sababu, lakini aliyekana huwekewa ushahidi mezani. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, kinataka mkataba wa kuuziana ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote na sahihi hizo zishuhudiwe, na shamba la kilimo huhitaji pia idhini ya bodi ya ardhi ya eneo. Mpelekee wakili karatasi yoyote mliyoandikiana, hata ikiwa ni ukurasa wa daftari, pamoja na ujumbe wa M-Pesa wa siku uliyolipa, na majina ya waliokuwapo mlipopima kwa kamba.