Kuhusu Todd Duncan na hayo majaribio yako

Mwanangu, umeniuliza kama Todd Duncan, yule mwimbaji mweusi wa Marekani, alijishusha kuimba Broadway, kwenye majumba ya maonyesho ya New York, wakati sauti yake ilikuwa ya opera. Najua unamuulizia yeye ila unajiulizia wewe, manake wiki iliyopita ulisema mwalimu wako hataki kusikia habari za hayo majaribio yako ya kuimba.

Duncan mwenyewe alianza na dharau hiyo hiyo. Alikuwa anafundisha kuimba Howard University, chuo kikuu cha Washington, George Gershwin yule mtunzi wa muziki akamwita, yeye akaona huyu si ni mtu wa nyimbo za mtaani tu. Akaenda, akaimba wimbo wa zamani wa Kitaliano, hata hajafika mbali Gershwin anamuuliza, utakuwa Porgy wangu, yaani mhusika mkuu wa opera yake Porgy and Bess? Akajibu mpaka nisikie muziki wako kwanza! Napenda sana hapo. Alipousikia akakubali, 1935 onyesho likafunguliwa, na mpaka anaacha alikuwa ameimba Porgy zaidi ya mara 1,800. Sauti ni moja mwanangu, kinachobadilika ni nyumba unamoimbia.

Ya mimi na kwaya unayajua, ila ile Jumapili sijawahi kukusimulia vizuri. Jumamosi nilikuwa nimeimba na bendi ya dansi kwenye harusi ya shangazi yako, kesho yake nafika kanisani na joho langu mkononi, mzee mmoja wa kwaya akalipokea mlangoni kama vile ananisaidia kubeba, kumbe anampa kijana mwingine alivae. Hakusema neno. Nikakaa benchi la nyuma, besi ilipofika pale ninapoingiaga mimi nikajikuta naimba mdomo umefungwa, na mama yako yuko mbele kwenye soprano ananiona.

Labda walikuwa na sababu, kwaya bila utaratibu inavunjika. Hapana, hawakuwa nayo. Si wangeniita tukaongea?

Heshima ya mwimbaji mimi naiona kwingine kabisa. 1936 walipopeleka onyesho hilo la Porgy kwenye ukumbi wa National Theatre, Washington, weusi hawakuruhusiwa kukaa ukumbini, Duncan akasema haimbi. Wakamwambia basi waje siku fulani fulani, akakataa, basi wakae ghorofani, akakataa, mpaka wakafungua viti vyote. Na 1945 akaimba nafasi ya Tonio kwenye opera ya Pagliacci pale New York City Opera, mweusi wa kwanza kuimba na kampuni kubwa ya opera Marekani. Sasa angalia, mlango wa opera umeshafunguka, na bado 1949 akarudi Broadway kuwa mchungaji Kumalo, kwenye onyesho la muziki Lost in the Stars, ile hadithi ya Afrika Kusini. Hakuna aliyemlazimisha. Sauti ni moja.

Ila mwalimu wako naye anaijua koo yako kuliko mimi, hilo nalikubali. Na mama yako nilimwahidi sitakuamulia, kwa hiyo siamui, ingawa neno liko hapa mdomoni toka juzi.

Hayo majaribio ni siku gani, na saa ngapi kwa huku kwetu?